Mwalimu Aliyejua Jina la Baba Yangu

Sijui alizaliwa wapi wala kwao walikuwa wangapi. Lafudhi yake ilikuwa ya bara, ila sikuwahi kumuuliza bara ipi, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Nilichojua ni kwamba alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya serikali, kazi ya kupiga deki, kumwaga haja za wagonjwa na kubadilisha mashuka, na kwamba kila Jumamosi saa tisa alasiri alitufundisha kipaimara kwenye banda la mabati nyuma ya kanisa letu pale Tandika. Sote tulimwita Mwalimu. Hata mchungaji alimwita Mwalimu. Jina lake kamili nililisoma mara ya kwanza kwenye msalaba wa kaburi lake, mwaka jana, na kwa muda nilidhani nimekosea kaburi.

Alikuwa mtu aliyechoka. Simaanishi mvivu. Alitoka zamu ya asubuhi akaja moja kwa moja, sare yake ya bluu ikiwa ndani ya kitenge, miguu imevimba kwenye viatu vya raba, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kuvuta kiti cha plastiki, kukaa na kufumba macho. Sie wanafunzi kumi na wawili tulisimama tukimsubiri. Baada ya dakika mbili tatu alisema, macho bado yamefumbwa, "Kaeni basi. Mmemsimamia nani?" Kisha aliomba. Sala yake ya kufungulia darasa ilikuwa hii, yote: "Mungu, tumefika. Amina." Ya kufungia ilikuwa, "Mungu, tunaondoka. Amina." Mwinjilisti wetu, kijana aliyependa kuomba mpaka shati linalowa, alimwambia siku moja kwamba sala zile ni fupi mno kwa watoto wanaojifunza. Mwalimu alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Kwani Yeye haoni kama tumefika?" alisema. "Namjulisha tu, kwa adabu."

Kabla ya kufungua kitabu alituuliza, mmoja mmoja, swali lile lile kila wiki. "Kwenu kuna anayeumwa?" Ukisema yupo, aliuliza, "Anatumia dawa?" Ukisema anatumia, alienda kwa mwingine. Ukisema amekatisha, alikung'ang'ania hapo hapo. Alitaka kujua dawa gani, nani kamkatisha, na nyumba yenu iko mtaa gani. Siku mbili baadaye ungerudi kutoka shule ukute mama yako amenuna, anasema kuna mama mmoja wa kanisani alikuja kutugombeza humu ndani kama watoto wadogo.

Miujiza hakuipenda. Mwenzetu mmoja alisimama siku moja atoe ushuhuda kwamba shangazi yake alikuwa na uvimbe tumboni, akaombewa mahali, uvimbe ukayeyuka.

"Nani kauona ukiyeyuka?" Mwalimu akauliza.

"Shangazi mwenyewe anasema, Mwalimu."

"Mwambie shangazi aje Jumatatu hospitali, aniulizie getini. Kama Mungu kauyeyusha, na mashine itasema hivyo hivyo. Mungu hagombani na mashine."

Shangazi alikwenda. Uvimbe ulikuwepo. Walimpasua, akapona, na mpaka mara ya mwisho nilipopita pale sokoni alikuwa bado anauza vitumbua, na bado anasimulia kwamba Mungu alimponya. Mwalimu alipoyasikia hayo hakubisha. Alisema, "Sawa. Alimponya Jumatatu."

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu mkavu wa dini, na hakuwa. Alipenda taarabu kuliko nyimbo za kwaya. Mlio wa simu yake ulikuwa taarabu ya mafumbo makali kuhusu mke mwenza, na uliwahi kulia katikati ya ibada ya Ijumaa Kuu, kanisa zima kimya, na yeye hajui kuuzima. Baada ya kazi aliketi kwenye benchi la kahawa karibu na msikiti, peke yake mwanamke kati ya wazee wenye kofia, akinywa kahawa chungu bila kashata na kubishana nao juu ya mpira. Mchungaji alimwita ofisini kuhusu benchi hilo, maana Mwalimu alikuwa pia mzee wa kanisa na watu walikuwa wanasema. Alirudi darasani akatuambia, "Nimeambiwa nisikae na Waislamu kwenye kahawa. Nimesema nimesikia." Jumatatu yake nilipita pale, nikamkuta amekaa.

Alikuwa pia mwongo, kwa jambo moja tu. Kwenye daftari la mahudhurio alituwekea alama wote, hata waliokuwa hawajaonekana mwezi mzima. Mtoto akikosa, alisema, kuna kitu kwao, na mie sitamwongezea barua ya mchungaji juu yake. Lakini ukihudhuria ukawa hujasoma, alikusema mpaka ukatamani ungekosa.

Mimi nilifika kwake nina miaka kumi na sita, mkubwa kuliko wote darasani, na inabidi niseme nilikotoka ingawa hii ni habari yake.

Baba yangu alikuwa nabii. Ndivyo alivyojiita, na watu wa Mbagala walimwita hivyo kwa miaka mitano. Alikuwa na turubai kubwa la njano, spika mbili na sauti nzuri sana. Mpaka leo sijasikia sauti ya mwanamume iliyozidi ile. Kila Jumapili alasiri watu walijaa mpaka nje. Kazi yangu ilikuwa kushika kikapu, na kikapu chenyewe hakikuwa cha sadaka. Kilikuwa cha dawa. Baba aliwaambia watu kwamba mwenye imani hashiki ahadi ya Mungu mkono mmoja na vidonge mkono wa pili, kisha aliwaita mbele, na wao walipita mmoja mmoja wakaweka dawa zao kwenye kikapu changu. Za presha, za kifua kikuu, za moyo. Nilikuwa na miaka kumi, nimevaa gauni jeupe. Nilijiona malaika.

Walianza kufa. Si wengi kwa mpigo, ila mmoja hapa, mwingine pale, na kwa muda baba aliweza kusema imani yao ilipungua. Kisha akafa dada mmoja mwenye sukari ya kuchoma sindano, siku ya tisa tangu aache. Huyo alikuwa kijana na alikuwa na ndugu. Watu walikuja wakashusha turubai. Baba alitoroka mchana kweupe kupitia uwanja wa shule, akatuacha mimi na mama tumekaa juu ya spika.

Tulihamia Tandika, vyumba viwili vya kupanga, mahali ambapo hatukujulikana. Mama akaweka sheria moja. "Humu ndani Mungu asitajwe." Hakuitangaza kwa hasira, aliisema kama mtu anavyosema kiatu kisiingie na matope. Biblia aliigawa. Hata jirani akipiga chafya mama hakumtakia heri.

Na mimi nilikuwa namtaka Mungu. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Sikuona maono wala sikuota ndoto. Nilitaka tu kujua kama yupo pasipo baba yangu, kwa sababu vyote nilivyovijua juu yake nilivisikia kwenye spika za baba. Nilimwambia mama nakwenda twisheni, nikaenda pale kanisani siku ya kuandikishwa, nikapanga foleni na watoto wa miaka kumi na mitatu.

Mwalimu alikuwa amekaa na daftari mapajani. Aliandika jina langu, akauliza umri, akauliza shule.

"Jina la baba?"

Nikamtajia. La kwanza tu, nikidhani litapita, maana ni jina la kawaida.

Kalamu yake ilisimama. Aliniangalia usoni muda mrefu, akashuka akaniangalia mikono. Kisha akanigeuzia daftari na kalamu. "Andika mwenyewe," akasema. Nikaandika. Nilidhani macho yake yamechoka.

Miezi ya kwanza nilimwogopa kuliko mwalimu wa hesabu shuleni. Wengine aliwatania, mimi hakunitania. Nilipojibu vizuri alisema "Endelea" akiwa anaangalia dirisha. Lakini ni yeye niliyemwambia shida yangu, kwa sababu sikuwa na mwingine. Nilimsubiri wenzangu waondoke.

"Mwalimu, nikifumba macho kuomba, namsikia baba."

"Anasema nini?"

"Anaomba. Kila neno ninalotaka kusema, analisema yeye kwanza."

Alisugua goti. "Basi usifumbe macho," akasema. "Wala usiseme maneno. Chukua ufagio ule, fagia banda. Ukimaliza, mwambie Mungu umemaliza."

Nilifagia banda lile kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Ulikuwa ufagio wa chelewa ulioisha upande mmoja, na vumbi la pale lilikuwa haliishi. Wiki za mwanzo nilimsikia baba hata nikifagia. Baadaye nikawa nasikia ufagio tu. Siku moja nilisimama mlangoni, uchafu nimeuzoa, nikasema kimoyomoyo nimemaliza, na nikajua kuna aliyesikia. Hakuna kingine kilichotokea. Nimekuwa nikiishi na hicho kidogo tangu siku ile, na sijawahi kupata kikubwa zaidi.

Jambo moja nililigundua mapema kwa sababu mtoto wa mhubiri anajifunza kusoma midomo ya watu wanaposali. Tukisema Sala ya Bwana pamoja, Mwalimu alisema yote isipokuwa mstari ule wa kusamehe. Akiufikia alifunga mdomo, tukaupita bila yeye, kisha akaingia tena tulipoomba tusitiwe majaribuni. Kila mara. Wenzangu hawakuona. Mimi niliona na nikadhani labda ana ugomvi na mtu wa kanisani.

Mwezi wa saba alinituma. Mvua za masika zilikuwa zimepita zamani lakini banda lilikuwa bado linavuja kona moja, na yeye aliweka vitabu vyetu vya nyimbo nyumbani kwake. Alikuwa amechelewa kazini, akampigia mwinjilisti simu kwamba aende mmoja wetu akavichukue, ufunguo uko dukani kwa Mwarabu. Mwinjilisti akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa mkubwa. Nilifungua mlango, nikaona kochi, meza, televisheni ndogo imefunikwa kitambaa, na juu yake picha ya dada mmoja kwenye fremu.

Nilimjua hapo hapo. Wengi walionipitia siwakumbuki, ila huyu alinishika shavu. Aliweka kwenye kikapu kimfuko cha zipu chenye sindano zake, akanishika shavu, akasema, "Niombee na wewe, mdogo wangu." Mimi nikajibu kama nilivyofundishwa, "Umepona, dada."

Sijui nilisimama pale muda gani. Mwalimu alinikuta. Kumbe alikuwa ameruhusiwa, akapitia nyumbani badala ya kwenda darasani. Aliweka mkoba wake chini, akaiangalia picha, akaniangalia mimi.

"Unamjua," akasema.

Nikaanza kulia. "Kikapu nilikishika mimi, Mwalimu."

"Najua. Nilikuwepo."

Alikaa kwenye kochi. Hakuniambia nikae. Alizungumza akiangalia mikono yake, polepole, kama mtu anayesoma orodha.

"Ni mwanangu wa pekee. Alianza kuchoma sindano ana miaka tisa, mie ndiye niliyemfundisha. Siku ile alinibembeleza nimsindikize. Nilikaa mstari wa nne. Miaka ishirini na tano nafanya kazi wodini, nimeona watu wa sukari wanavyokwenda wakiacha dawa. Najua siku ya kwanza wanakuwaje, ya tatu wanakuwaje. Nikamwona anainuka, kimfuko mkononi. Ningeweza kumshika gauni. Alipita hapa," akaonyesha pembeni ya goti lake, "hapa hapa. Sikumshika."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Nilikuwa nimechoka. Kuchemsha sindano, kupima dawa, kumkimbiza hospitali amezimia, miaka kumi na mitano. Nikasema labda. Labda ni kweli." Akaigeuza mikono, viganja juu. "Baba yako nimemtukana mpaka matusi yameniishia. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Mie nilikuwa na hamsini na mbili."

Nilipiga magoti. Nadhani nilitaka aniwekee mkono kichwani, na nadhani yeye alijua ninachotaka. Hakuniwekea.

"Inuka," akasema. "Chukua vitabu uende, wenzako wanangoja. Darasani njoo, nitakufundisha, tena nitakufundisha vizuri. Hapa nyumbani usije tena. Nikikuona umesimama karibu na hiyo picha, sitaweza."

Nikaondoka na vitabu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani, na yeye alifika, akavuta kiti, akafumba macho, akamwambia Mungu tumefika. Akanifundisha kama alivyosema. Alikuwa ananiuliza maswali magumu kuliko wote, na nikikosea alirudia bila kuchoka, yeye aliyechokaga kwa kila kitu. Ila hakuniangalia usoni mpaka mwezi wa kumi na moja.

Mwezi huo aliyeharibu, au aliyetengeneza, sijui, alikuwa mama. Alikuta kitabu changu cha mafundisho chini ya godoro, akaniuliza twisheni ni ya somo gani, nikashindwa kudanganya. Jumamosi ile alikuja mwenyewe. Tuko katikati ya Amri Kumi, mlango wa bati ukapigwa teke, mama akaingia na khanga moja, kandambili moja imekatika ameishika mkononi.

"Nani mwalimu hapa?"

"Mie," akasema Mwalimu. "Karibu mama. Kaa."

"Sikai! Mwanangu mlishamla mara moja. Hamumli mara ya pili."

"Basi simama. Mie magoti yananiuma, nakaa."

Mama alitukana. Alitukana makanisa yote ya Temeke, alitutukana na sie watoto. Mwalimu alisikiliza mpaka mama akakosa pumzi. Kisha akatugeukia. "Nendeni nje, mkafyeke majani." Wenzangu wakatoka mbio. Mimi nilibaki ukutani kwa nje, na bati halizuii maneno.

"Unajua mume wangu alifanya nini?" mama alikuwa anasema. "Unajua watu walikufa? Mnamchukua huyu mtoto hata hamjui ni wa nani."

"Namjua ni wa nani. Tangu siku aliyoandika jina. Aliyekufa kwa sukari ni mwanangu."

Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Mama alikuwa amekaa chini, kwenye sakafu niliyoifagia, kandambili bado mkononi. Mwalimu hakumgusa wala hakumsemesha. Walikaa hivyo muda mrefu, wanawake wawili hawatazamani, mmoja kwenye kiti na mmoja chini, mpaka muadhini wa jirani akaadhini. Mama akainuka. "Pole," akasema. Mwalimu akajibu, "Na wewe pole."

Njiani mama alitembea peku. Karibu na nyumbani akasema, "Nenda kanisani kwako. Ila usiniletee mtu wa kuniombea." Hakuniuliza tena, na mimi sikumletea mtu.

Ubatizo niliobatizwa na baba, kwenye simtanki la maji lililokatwa nusu, mchungaji hakuutambua. Ilibidi nibatizwe upya kabla ya kipaimara, na nilihitaji msimamizi wa kusimama nami mbele ya watu. Nilimwomba Mwalimu. Nilijipa moyo kwamba baada ya yote yale atakubali, na kwamba siku hiyo ingekuwa mwisho mzuri wa mambo.

"Kukufundisha nimeweza," alisema. "Kusimama pale niseme huyu ni mwanangu, sijafika huko. Nisikudanganye, na kanisani nisidanganye."

Alinitafutia mke wa mwinjilisti. Siku yenyewe nilimtafuta kwa macho tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka, sikumwona. Baadaye mzee mmoja wa kahawa aliniambia alikaa pale benchini asubuhi nzima, kengele ilipolia aliuliza, "Wameshamaliza?" akaambiwa bado, akaagiza kikombe kingine. Nilimkasirikia kwa miaka. Sasa nafikiri ndiye mtu pekee kati ya watu wazima wa utoto wangu ambaye hakuniambia neno la Mungu ambalo yeye mwenyewe hakuwa nalo.

Maisha yakaenda. Nilisoma, nikapata kazi ya karani wa shule huko Bunju, nikaolewa. Mwalimu alistaafu, magoti yakakataa kabisa, mpwa wake akamchukua akae naye Kigamboni. Nilimpigia simu Krismasi na Pasaka. "Upo?" "Nipo, Mwalimu." "Haya." Ndiyo ilikuwa simu yetu.

Miaka miwili iliyopita mwanamke nisiyemjua alinipigia kutoka Tabata. Alisema ana mpangaji mzee amepooza upande mmoja, hasemi vizuri, hana mtu, na kwenye vitu vyake kuna karatasi yenye jina langu na namba ya simu. Hakuwa na haja ya kuniambia zaidi.

Nitangulize mwisho ili usibaki ukiuwazia. Nilikwenda. Nilimhudumia baba kwenye chumba kile miezi minne, kila siku baada ya kazi, wikiendi nikilala huko huko. Hakuniomba radhi, labda kwa sababu mdomo ulikuwa umekwenda upande, labda kwa sababu hakutaka. Mama hakukanyaga, ila alinipa mashuka mawili ya zamani, akasema yanafaa kwa kuchana. Baba alipokufa, waliomwosha walisema hawajaona mtu aliyelala muda mrefu vile ambaye mgongo wake hauna kidonda hata kimoja.

Lakini kabla ya kwenda kwake mara ya kwanza, nilivuka kwenda Kigamboni. Sikumwambia mume wangu wala mama. Nilikuta Mwalimu amekaa kitandani kwenye chumba cha uani, dirisha wazi, redio inaimba chini chini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa."

Nikamweleza. Nilisema nimekuja kumuuliza niende au nisiende, na kwamba akisema nisiende sitakwenda, maana yeye ana haki ya kusema kuliko mimi. Alizima redio.

"Nilimwombea hayo hayo," akasema. "Kupooza. Nilimtajia Mungu na upande. Sasa umeniambia, nangoja nifurahi, sioni kitu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Analala chali?"

"Mwenye nyumba anasema analala tu."

"Nani anamgeuza?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

Alitoa sauti mdomoni, ile ya wauguzi wakifunua shuka. Kisha akaanza kupanda kitandani vizuri, goti moja, goti jingine, anashika ukuta, na mimi nilipotaka kumsaidia akanipiga mkono. Alilala chali. Akaulegeza mkono wa kulia na mguu wa kulia, akavitupa kama si vyake.

"Haya," akasema. "Mie ndiye baba yako. Nigeuze."

Nilisimama.

"Nigeuze, nakwambia. Mtu hageuzwi kwa mawazo."

Nilimshika mkono nikavuta. "Hapana! Utamchomoa bega. Mkono unawekwa juu ya kifua. Kunja goti lile la mbali. Sasa kiganja kimoja begani, kingine nyongani, uvute aje kwako, usimsukume aende mbali nawe, ataanguka." Niliinama. "Ngoja. Mwambie kwanza. Usimgeuze kimya kimya kama gunia."

"Nakugeuza," nikasema.

"Unamwambia nani?"

Tangu nina miaka kumi sikuwa nimelitamka neno lile kwa mtu aliye mbele yangu.

"Nakugeuza, baba."

Nikamvuta. Alikuja mwepesi sana, mifupa na kitenge, akatulia ubavu, paji lake la uso limegusa tumbo langu. Akasema mto ukae mgongoni, nikauweka. Mkono wangu ulibaki begani kwake, na yeye hakuutoa. Nilimsikia anapumua. Muda ukapita, wajukuu wa mpwa wake wakapiga kelele uani, wakanyamaza.

"Vizuri," akasema. "Baada ya saa mbili, upande wa pili. Nionyeshe."